Mkalimani Ana Tumbo Dogo

Mimi naitwa Josephine. Hapa mtaani kwetu Garsen wananiita Mama Beryl. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba na kuwauliza watu mambo wasiyotaka kuulizwa. Choo kiko wapi? Mikono mmenawa? Maji ya kunywa mmetia dawa?

Wengine wakiniona naja, hujifungia ndani. Mimi huketi mlangoni nikangoja. Sina haraka.

Tangu mafuriko yale na kipindupindu kilichofuata, mtaani kwetu hakuna anayekunywa maji ovyo ovyo. Unachota maji, unatia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, unakoroga, unafunika, unangoja nusu saa. Hata watoto wanaimba hivyo wakicheza. Nilijivunia jambo hilo sana. Nikajivunia mpaka nikakaribia kuua samaki wa watu. Nitawaeleza yote, hata yale ya kuniaibisha.

Jirani yangu ni Dan. Mke wake ni Tamar. Wote wawili ni Wapokomo kama mimi. Kati ya nyumba yao na yangu kuna ua wa makuti tu, kwa hiyo wakikohoa nasikia. Dan ni fundi wa kubandika vigae. Kazi humpeleka Malindi wiki mbili, wakati mwingine tatu. Tamar hushona nguo nyumbani. Mtoto wao ni mmoja, George. Mwaka huu George alikwenda shule ya bweni huko Hola.

Siku moja Dan alipiga simu kutoka Malindi. Nilikuwapo. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. Tulisikia hivi: "Narudi kesho... nakuletea samaki... mzuri ajabu..." Kisha simu ikakatika.

Tamar alifurahi. Samaki wa Malindi! Sisi hapa tumekula kambare wa mtoni mpaka tumechoka. Akamwita mama yake, Mama Teresia, kutoka Golbanti. Akawaita kina mama watano wa kanisani. Akaniita na mimi. Akapika wali wa nazi, sufuria kubwa. Akatengeneza mchuzi wa ukwaju. Kilichobaki ni samaki tu.

Dan aliingia saa saba mchana. Mkono wa kushoto alishika begi la nguo. Mkono wa kulia alishika chupa ya kioo yenye maji. Ndani ya chupa kulikuwa na samaki mmoja. Alikuwa wa buluu, na mapezi marefu kama kanga juu ya kamba. Urefu wake ulikuwa kama kidole changu hiki.

"Samaki mwenyewe ndiye huyu," Dan akasema. Alikuwa anatabasamu.

Mama Teresia akaichukua ile chupa. Akaiinua. Akamtazama samaki upande huu, akamtazama na upande wa pili. Kisha akauliza kwa upole, "Mkwe wangu, huyu tunamgawaje?"

Lo! Kina mama walicheka. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje nikashika mbavu. Tamar hakucheka. Tulikula wali na mchuzi mtupu. Dan hakuweza kuinua macho, maana kuaibika mbele ya mama mkwe si jambo dogo kwetu. Wageni walipoondoka, Tamar akaacha kusema na mumewe. Hakumwuliza kitu, wala hakumjibu.

Siku mbili za kwanza walinitumia mimi.

"Mama Beryl! Mwambie huyo jirani yako chakula kiko mezani!"

"Mama Beryl! Mwambie huyo bibi nimesikia!"

Ugali wangu ukaungua mara mbili. Siku ya tatu nilikasirika. Nikasimama uani nikapiga kelele, "Mimi nina kazi! Mwambieni huyo samaki wenu!"

Nilisema kwa hasira tu. Lakini wao walinitii, kama walivyonitii juu ya dawa ya maji. Jioni ile ile nilisikia sauti ya Tamar.

"Samaki, mwambie huyo bwana chai inapoa."

Naye Dan akajibu, "Samaki, mwambie huyo bibi asante."

Hapa Garsen hatuna mkutano bila mkalimani. Chifu anasema Kiswahili, mmoja anageuza kwa Kiorma, mwingine kwa Kisomali, mwingine kwa Kigiriama. Hilo tumelizoea. Lakini mkalimani kati ya Mpokomo na Mpokomo, tena mtu na mkewe? Hilo nilikuwa sijaliona. Nikampa samaki jina. Nikamwita Mkalimani. Mtaa mzima ukalipenda jina hilo.

Nilicheka kwa wiki mbili. Kisha siku moja nilimkuta Tamar kwenye cherehani. Alikuwa ameshika nguo, lakini hashoni.

"Mama Beryl," akaniambia, "nakuambia wewe peke yako. George yuko Hola. Baba George nusu ya mwezi yuko Malindi. Akiwa hapa, hatuongei. Sauti iliyobaki nyumbani ni ile tunayompa huyu samaki. Siku akifa, nachukua begi langu narudi kwetu Golbanti."

"Tamar, kwa nini usimwambie Dan mwenyewe?"

"Nianzie wapi?" akasema. Akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Nikaacha kucheka. Tamar ni rafiki yangu. Nilipougua malaria, ni yeye aliyenipikia uji siku nne. Nilitamani yule samaki aishi miaka mia.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyomtunza.

Dan alipopewa samaki, alipewa pia kikopo cha chakula. Ni vichembe vidogo, vidogo kuliko punje za mtama. Mwenye samaki alimwambia, "Viwili asubuhi, viwili jioni." Dan alidhani ni vijiko. Kikopo kiliisha baada ya siku tano.

Baada ya hapo samaki akala walichokula watu. Chupa yake ilikaa mezani. Tamar alipokula, samaki alimtazama. Nasi tumelelewa kwamba mtu hali huku mwenzake anamtazama. Ni uchoyo. Basi Tamar alimmegea ugali. Tamar alipotoka, Dan aliketi kula. Samaki akamtazama naye. Dan akamtilia wali, na siku ya Jumapili akamtilia chapati. Kila mmoja alimlisha asubuhi, mchana na jioni. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake amemlisha. Wangejuaje, na hawaongei?

Tena kila mmoja alitaka Mkalimani awe upande wake. Nilimsikia Dan mwenyewe. "Kula, rafiki yangu. Na ukimwambia yale maneno yangu, yaseme vizuri."

Maji ya chupa yakaanza kuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Yakanuka. Siku ya Jumamosi asubuhi, Tamar aliyaona. Maji machafu katika nyumba niliyoitangaza mimi mwenyewe kuwa nyumba ya mfano wa usafi! Akachukua dawa ya maji. Akatia matone. Akaenda sokoni kununua nyuzi.

Dan akaamka. Akayaona maji. Akatia matone. Akaenda kunyoa ndevu.

Nami nikapita kukagua. Sikumkuta mtu. Nikaona chupa mezani, maji yamechafuka. Damu ilinichemka. Nikatia matone matatu, nikaongeza na moja la baraka.

Haikupita saa moja, nikasikia mayowe ya Tamar.

"Mama Beryl! Njoo! Mkalimani hasemi!"

Mkalimani hakuwa amesema hata siku moja tangu azaliwe. Lakini nilielewa. Nilikimbia bila viatu.

Samaki alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Mapezi yale mazuri yalikuwa yamegandana. Tumbo lilikuwa limevimba. Alifungua mdomo, akafunga, akafungua. Tamar alikuwa analia. Dan alikuwa amesimama na sabuni ya kunyolea kwenye shavu moja.

"Mkalimani," Dan akasema, "mwambie huyo bibi asilie."

"Mkalimani," Tamar akasema, "mwambie huyo bwana kwamba unakufa!"

"Nyamazeni wote!" nikasema. "Mwacheni mgonjwa apumzike! Namwita Ikhlas."

Ikhlas ni msichana wa Kipini. Ni afisa anayefanya kazi na wafugaji wa samaki hapa Garsen, na amepanga chumba mwisho wa mtaa wetu. Nilimkuta anafua. Nilimvuta mkono, povu na yote.

"Shikamoo mama," akamwamkia Tamar. "Shikamoo baba." Kisha akainama, akainusa chupa. Akainua uso.

"Mmetia nini humu?"

"Dawa ya maji," nikasema kwa fahari. "Hii ni nyumba ya mfano."

"Nani aliyetia?"

"Mimi," akasema Tamar.

"Mimi," akasema Dan.

Nikatazama dari. Ikhlas akanitazama mimi.

"Na mimi," nikasema. "Kidogo."

"Subhanallah!" akasema Ikhlas. "Watu watatu kwa samaki mmoja! Mama Beryl, dawa hii kwa binadamu ni nzuri. Tieni kwenye maji ya kunywa, msiache. Lakini samaki hayanywi tu maji. Anayapumua. Hapa pembeni ana matamvua, ndiyo mapafu yake ya majini. Dawa inayaunguza. Ni kama mtu akufungie chumbani na moshi wa pilipili."

Miaka yote hii nafundisha maji, na sikuwaza kwamba kuna kiumbe anayeyapumua.

"Tufanyeje?" nikauliza.

"Tumtoe upesi. Nataka maji safi yasiyotiwa dawa hii. Yakiwa ya mfereji, yawe yamekaa wazi tangu jana, maana hata ya mfereji huwa yametiwa dawa huko yanakotoka. Yakikaa wazi siku nzima, dawa nyingi hutoka. Ndoo moja yatosha. Haraka!"

Nikatoka mbio. Na hapo ndipo nilipovuna nilichopanda.

Nyumba ya kwanza: "Mna maji yasiyotiwa dawa?"

"Ha! Mama Beryl! Sisi? Tumetia! Njoo uonje!"

Nyumba ya pili: "Tumetia!"

Nyumba ya tatu mama wa watu akaapa kwa jina la Bwana. Nyumba ya nne wakanionyesha mpaka maji ya kuoshea miguu. Yametiwa dawa! Nikasimama katikati ya njia nikapiga kelele, "Jamani! Leo sigombezi mtu! Nani hakutia dawa? Aseme!"

Milango ikabaki imefungwa. Waliniona mjanja. Walidhani nawatega.

"Samaki anakufa!" nikasema. "Tamar atatuondokea!"

Mlango mmoja ukafunguka. Alikuwa Mzee Changawa, Mgiriama, jirani wa karibu na msikiti. Mzee huyu kila nikija hunionyesha chupa ya dawa dirishani. Hunisifu mpaka naona haya.

"Mama Beryl," akasema polepole, "hebu niulize. Mtu akikosa, halafu kosa lake likasaidia, hilo bado ni kosa?"

Nikamtazama. Nikatazama ile chupa ya dawa dirishani. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Mzee Changawa! Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Hujatia hata tone?"

"Harufu yake siipendi. Lakini ndoo ninayo, nilichota jana asubuhi kwenye mfereji. Iko wazi."

Sikujua nimkumbatie au nimpige kofi. Nilichukua ndoo nikaiweka kichwani. "Samaki atayatumia maji yako leo," nikamwambia. "Wewe kuanzia leo utatia dawa, na nitakuja kuonja mwenyewe."

"Sawa, mama," akasema.

Ikhlas alimchota samaki kwa kikombe, taratibu, akamhamishia kwenye maji ya Changawa, ndani ya beseni pana lililooshwa bila sabuni. Samaki alizama mpaka chini. Akalala. Lakini matamvua yalikuwa yanacheza.

"Yu hai," akasema Ikhlas. "Sasa niambieni. Nani anamlisha?"

"Mkalimani, mwambie afisa ni mimi," akasema Tamar. "Asubuhi, mchana na jioni."

"Mkalimani, mwambie afisa ni mimi," akasema Dan. "Asubuhi, mchana na jioni."

Tamar akamtazama Dan. Dan akamtazama Tamar. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Kumbe," akasema Ikhlas. Akavuta kiti, akaketi. "Baba, mama, samaki huyu anaitwa beta. Angalieni jicho lake. Dogo, eh? Basi tumbo lake ni kama hilo jicho, halizidi sana. Chakula chake ni vile vichembe, viwili au vitatu asubuhi, viwili au vitatu jioni. Basi. Na siku moja katika wiki asile kitu, tumbo lipumzike."

"Vichembe," akasema Dan kwa sauti ndogo. "Si vijiko."

"Vijiko!" Ikhlas akashika kichwa. "Na nini kingine mlimpa?"

"Ugali," akasema Tamar.

"Wali," akasema Dan. "Na chapati."

"Beta halimi shamba, mama. Ni mwindaji. Anakula wadudu wadogo. Ugali hauwezi kumfaa. Na kile asichokila kinaoza ndani ya maji. Kikioza kinatoa sumu. Ndiyo maana maji yalikuwa meupe na yakanuka. Sumu ile ilimdhoofisha, halafu dawa ikaja kummaliza."

"Lakini vichembe vimekwisha," akasema Dan.

"Utavipata Malindi. Kwa sasa, mpeni viluwiluwi vya mbu. Vile vinavyochezacheza kwenye maji yaliyotuama. Anavipenda sana. Vitatu vinne vyatosha."

Nikasimama. "Anakula mbu?"

"Anakula watoto wa mbu, Mama Beryl. Hata hawajaota mbawa."

Moyo wangu ulijaa mapenzi. Miaka sita napambana na mbu, na mwenzangu alikuwa mezani kwa Tamar ananyimwa kazi.

"Lakini usituwekee maji machafu ili ufuge mbu," nikamwambia Dan, maana nilimwona anaanza kufikiri. "Nikipita kumwaga maji ya kwenye mikebe na magurudumu, nitachota vichache nikuletee. Vya maji safi ya mvua, si vya mtaroni."

"Ndivyo," akasema Ikhlas. "Na chupa ile ni ndogo mno. Mpatieni chombo cha lita ishirini. Msikijaze mpaka juu. Beta hupanda kuvuta hewa, kwa hiyo aachiwe nafasi. Juu mfunike kwa wavu, maana anaruka. Asikae juani, joto la Garsen linamtosha hata kivulini. Na mara mbili kwa wiki, toeni robo ya maji, pamoja na uchafu wa chini. Rudisheni maji yaliyokaa wazi siku nzima. Msibadilishe yote kwa pamoja, atashtuka. Na mkipata duka linalouza dawa ya samaki ya kuondoa klorini, yaani hii dawa ya maji mnayotia, nunueni. Hiyo ndiyo njia ya hakika."

"Tumtafutie mwenzake?" akauliza Dan. "Pengine anaona upweke."

"Usithubutu. Madume wa beta wakikutana ni vita. Hata na jike hugombana. Huyu anapenda kukaa peke yake."

Tamar akainamisha uso. Ikhlas akasimama, akakunja mikono yake yenye povu lililokauka.

"Sasa amri ya mwisho. Siku tatu asile. Afunikwe kitambaa chepesi, hewa ipite. Awe mahali pa kimya. Asisumbuliwe na mtu. Asiambiwe neno lolote. Na maji ya beseni mtapunguza na kuongeza kila jioni, kwa sababu amedhoofika. Beseni ni zito, mtalishika wawili."

"Asiambiwe neno?" akauliza Tamar.

"Hata moja. Mkalimani yuko likizo ya ugonjwa."

Wakanigeukia mimi, wote wawili kwa pamoja. Nilijua wanataka nini.

"Hata mimi niko likizo," nikasema. Nikaenda zangu.

Lakini sikwenda mbali. Niliketi nyuma ya ua wa makuti na sinia la mchele. Nilichambua mchele ule mpaka ukaisha mawe, nikaanza upya. Jioni ya kwanza sikusikia neno, nilisikia maji tu yakimwagika. Jioni ya pili vilevile. Moyo uliniuma. Nilisema moyoni, wataishi hivi, halafu samaki afe, halafu Tamar aende.

Jioni ya tatu nilisikia beseni likikwaruza meza.

"Polepole!" akasema Tamar.

Kimya.

"Umeniambia mimi?" akauliza Dan.

"Kwani nani mwingine ameshika beseni? Inua upande wako, baba George. Maji yanamwagika."

"Nimeinua."

"Umeinua sana."

"Sasa je?"

"Sasa sawa."

Niliweka sinia chini. Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili. Beseni likatua mezani. Kisha Tamar akauliza.

"Baba George, kwa nini uliniletea samaki wa chupa? Mbele ya mama yangu?"

"Sikujua umemwita mama. Ulisikia samaki tu, hukusikia mengine." Dan akavuta kiti. "George alipokwenda Hola, uliniambia nyumba imekuwa kimya. Uliniambia ukishona unasikia saa ya ukutani. Mwenye nyumba niliyokuwa nabandika vigae huko Malindi alikuwa anahama, akawa anatafuta mtu wa kumpa samaki wake. Nikasema nitampelekea mke wangu, awe na kitu cha kutazama nikiwa mbali. Nilimshika mapajani njia nzima kutoka Malindi. Maji yalinilowesha, watu kwenye gari wakanicheka."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Nikasikia Tamar analia. Halafu nikasikia anacheka. "Tunamgawaje!" akasema. "Baba George, ulimwona mama alivyoishika ile chupa?"

Dan naye akacheka. Walicheka sana. Mimi niliingia ndani kwangu nikafunga mlango, maana kuna mambo hata mhudumu wa afya hapaswi kukagua.

Asubuhi ya siku ya nne walifunua kitambaa. Tumbo la samaki lilikuwa limepungua. Alipanda juu, akavuta hewa. Nilikuwa nimeleta viluwiluwi vinne kwenye kijiko. Tamar akatia kimoja. Samaki akakitazama, akakiparamia, akakimeza. Tulipiga makofi. Mzee Changawa alikuwapo pia, na ukitaka kujua, chupa yake ya dawa imeshuka hadi nusu.

Siku hizi Mkalimani anaishi katika chombo cheupe cha lita ishirini. Kimewekwa kivulini, karibu na cherehani. Juu yake kuna wavu wa chandarua kilichochakaa. Nilikikagua mwenyewe, hakikufaa tena kulalia. Kando yake kuna ndoo ya maji isiyo na kifuniko, imefunikwa wavu tu, na Tamar ameiandika kwa chaki: YA SAMAKI, USITIE DAWA. Chini yake ameandika: MAMA BERYL, WEWE PIA. Na ukipita nje ya nyumba ile asubuhi, utasikia, "Baba George, umemlisha?" "Bado, mlishe wewe, jioni nitamlisha mimi." Wakati mwingine wanagombana kuhusu zamu. Wanagombana kwa sauti kubwa, uso kwa uso. Nami huona raha sana.

Mwezi uliopita nilipata hofu moja. Asubuhi nilikuwa nafagia. Nikamwona Tamar anapanda bodaboda. Amevaa vizuri. Mgongoni ana begi kubwa.

"Tamar!" nikaita. "Wapi?"

Pikipiki ilikuwa inanguruma. Alinipungia mkono tu. Bodaboda ikashika njia ya Golbanti.

Ufagio ulinianguka. Nikasema, samaki amekufa! Amekufa, na Tamar ameondoka kama alivyosema! Nikaruka ua badala ya kupita mlangoni. Nikaingia kwa Dan bila hodi.

Dan alikuwa amepiga magoti mbele ya chombo. Kiganjani alikuwa na vichembe vitatu, anavihesabu. Mkalimani alikuwa juu ya maji, ametanua mapezi yake yote, anangoja.

"Dan!" nikasema. "Mkeo ameondoka! Nimemwona na begi!"

"Eh," akasema Dan, bila kugeuka. "Amekwenda Golbanti kumsaidia mama kuvuna mpunga. Atarudi Jumatano."

"Nani kakuambia hivyo?"

Dan akatia kichembe cha kwanza majini. Kisha akanigeukia, na uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Tamar," akasema. "Ameniambia mwenyewe."